Nansen na Chombo cha Ngozi

Wengi walijuao jina la Fridtjof Nansen, yule Mnorwe mashuhuri, hulijua kwa Tuzo ya Amani ya Nobel aliyopewa mwaka wa 1922, au kwa ile pasi iliyobeba jina lake, waliyopewa wakimbizi wasiokuwa na dola ya kuwadhamini. Hayo ni mambo makubwa, wala sina nia ya kuyapunguza. Lakini mimi ni mtu wa pwani, na kila niyasomapo maisha ya bwana huyu, kinachonivuta zaidi ni chombo chembamba cha ngozi, kayaki, alichofundishwa kukiendesha na watu ambao Wazungu wa zama zake waliwaita washenzi. Naamini kuwa lau si chuo hicho, asingaliishi kuyatenda hayo mengine.

Nansen alizaliwa tarehe 10 Oktoba, 1861, karibu na mji wa Christiania, ambao leo ni Oslo. Alisomea elimu ya wanyama. Mwaka wa 1888 aliwaongoza wenzake watano kuikata Greenland toka mashariki hadi magharibi juu ya barafu, safari ambayo hapana aliyekuwa ameitimiza kabla yao. Walipowasili Godthaab, mji uitwao sasa Nuuk, ulikuwa mwezi wa Oktoba na msimu wa meli umekwisha. Barua zao zilipelekwa kwa kayaki hadi bandari ya mbali kusini, zikawahi meli ya Ulaya. Wao wenyewe ikawabidi kungoja hadi Aprili, 1889.

Kungoja huko ndiko kulikomfaa. Nansen aliingia katika nyumba za Wainuit, ambao wakati ule waliitwa Waeskimo, akala chakula chao, akatoka nao kuwinda sili, yule mnyama wa bahari ya baridi awapaye nyama, mafuta na ngozi. Akajifunza kupiga kafi kama mwanafunzi wa alifu na be.

Chombo chenyewe kinastahili kuelezwa. Greenland karibu haina miti. Mbao za kuundia huletwa na bahari: ni magogo yaliyobebwa na mito ya Siberia, yakanaswa na barafu, yakachukuliwa na mkondo hata yakatupwa ufukweni. Fundi huyaokota, akachonga mbao mbili ndefu za ubavuni, akayapinda mataruma, kisha akaunga kiungo kwa kiungo kwa vigingi na kwa ugwe wa ngozi. Hapana msumari. Chombo kilichofungwa hivyo hunyumbuka na wimbi badala ya kushindana nalo. Msomaji wa Lamu hapa ataukumbuka mtepe, uliokuwa ukishonwa kwa kamba za nazi. Urefu hupita mita tano, na upana ni kiasi cha nusu mita tu. Fundi hupima kwa pima za mikono na kwa kiuno cha atakayekalia, mithili ya kanzu ikatwavyo kwa kimo cha mwenyewe.

Mbao zilikuwa kazi ya wanaume. Kushona, kazi ya wanawake. Ngozi za sili zilikwanguliwa manyoya, zikashonwa kwa nyuzi za kano, na sindano haikuruhusiwa kutokeza upande wa pili, kusudi tundu lisipitishe maji. Mshono ukifumuka huko nje, mume harudi. Sijui kazi ya mikono iliyobeba dhima kubwa kuliko hiyo. Mwindaji naye alivaa joho la ngozi lililofungwa usoni, mikononi, na kuzunguka tundu la kukalia, akawa kitu kimoja na chombo. Kikipinduka, aliye hodari hukigeuza tena kwa pigo la kafi, naye hakuloa ila uso.

Nansen aliyaandika hayo katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1891. Humo alisema wazi kwamba biashara na mafundisho ya Wazungu yaliwaletea wenyeji hasara zaidi kuliko faida. Kwa Mzungu wa wakati ule kulisema hilo hadharani halikuwa jambo dogo.

Na yale magogo yalimtia fikra nyingine. Ikiwa mti wa Siberia hufika Greenland, mkondo wapita juu ya dunia, karibu na Ncha ya Kaskazini. Tena meli ya Kimarekani, Jeannette, ilikuwa imepondwa na barafu kaskazini ya Siberia mwaka wa 1881, na mwaka wa 1884 baadhi ya vitu vyake vikaokotwa Greenland. Basi mwaka wa 1893 Nansen akaondoka na meli iliyoundwa kuhimili barafu, Fram, akaiacha igande na kuchukuliwa. Alipoona kwamba haitaifikia Ncha yenyewe, tarehe 14 Machi, 1895, alishuka na Hjalmar Johansen, mbwa, sileji, na kayaki mbili walizoziunda melini kwa mianzi na kitambaa cha tanga. Walifika digrii 86 na dakika 14, mbali kuliko binadamu yeyote aliyejulikana kabla yao, kisha wakageuka.

Walikaa kipupwe kizima katika kibanda cha mawe kilichoezekwa ngozi, wakila dubu. Tarehe 12 Juni, 1896, walikuwa wamepanda juu ya barafu kutazama njia, na kayaki wamezifunga pamoja chini. Kamba ikakatika. Zikaanza kwenda na upepo, na humo mlikuwa na kila walichokuwa nacho. Hata kisu hawakubaki nacho. Nansen akavua baadhi ya nguo, akampa mwenziwe saa, akajitosa. Alipozifikia, viungo vilikuwa vimekufa ganzi kiasi cha kutoweza kuinua mguu upesi. Akapanda kwa shida, akaanza kurudi, na njiani akaona ndege wawili, akawapiga kwa risasi ili wapate kula. Johansen alidhani amerukwa na akili! Baadaye mnyama mwenye pembe mbili kinywani, aitwaye walrasi, akaitoboa kayaki yake. Aliwahi barafu kabla haijazama. Tarehe 17 Juni wakamkuta Mwingereza Frederick Jackson, wakaokoka.

Yaliyofuata nitayapita mbio. Baada ya Vita Kuu ya kwanza aliwarejesha makwao wafungwa zaidi ya 400,000, akawahangaikia wenye njaa wa Urusi, na mwaka wa 1922 ikatoka ile pasi. Alihusika pia na mpango wa kubadilishana watu baina ya Uturuki na Ugiriki, uliowang'oa Waislamu wa Ugiriki na Wakristo wa Uturuki katika ardhi za babu zao kwa lazima. Wapo wausifuo mpango huo kuwa ulizuia damu zaidi. Mimi nashindwa kuusifu.

Alifariki nyumbani kwake, Polhøgda, nje ya Oslo, tarehe 13 Mei, 1930. Maziko ya kitaifa yalifanywa siku nne baadaye, nayo ni sikukuu ya taifa la Norwe.