Padre Tolton na Maskini wa Chicago

Yuko padre mmoja ambaye alisoma Roma miaka 6 akidhani kwamba atatumwa Afrika, wala hakufika. Ndiye Augustus Tolton, ambaye mwaka 2019 Baba Mtakatifu Fransisko alizitambua fadhila zake za kishujaa.

Alizaliwa mtumwa huko Missouri, Marekani, tarehe 1 Aprili 1854. Mamaye, Martha, alitoroka na watoto wake watatu, akavuka mto Mississippi hadi mji wa Quincy, mahali pasipo na utumwa. Huko kijana alifanya kazi katika kiwanda cha tumbaku. Shule ya kwanza ya parokia ilimbidi aiache, kwa kuwa wazazi weupe hawakutaka kumwona darasani. Padre Peter McGirr akampokea katika shule nyingine. Alipotamani upadre, haikupatikana seminari hata moja ya Marekani iliyomfungulia mlango. Tusilifiche jambo hili: waliomkataa walikuwa Wakatoliki, wenye kupiga magoti mbele ya altare ile ile.

Roma ilimpokea mwaka 1880 katika chuo cha wamisionari, akapewa upadre tarehe 24 Aprili 1886. Lakini Kardinali Simeoni aliamua arudi Marekani. Hiyo ilikuwa amri nzito kuliko safari ya Afrika, maana alirudishwa kwa watu wale wale waliomjua kama mtoto wa utumwani. Akatii. Quincy weusi na weupe walifika kwenye Misa yake, hata padre jirani akaona uchungu. Na mateso yalipozidi, mwaka 1889 akahamia Chicago.

Katika mji huo mkubwa waamini weusi walikuwa wakisali katika chumba cha chini ya kanisa la weupe. Padre Tolton alipanda ngazi za nyumba zao za kupanga, akiwapelekea wagonjwa Sakramenti, na usiku akiandika barua za kuomba fedha. Mama Katharine Drexel, leo mtakatifu, alikuwa miongoni mwa waliomsaidia. Kanisa la Mtakatifu Monika likafunguliwa mwaka 1894, kuta zikiwa hazijakamilika.

Tarehe 9 Julai 1897, akirudi kutoka mafungo ya mapadre, alianguka njiani kwa ukali wa joto, akafariki siku ile ile akiwa na umri wa miaka 43. Alizikwa Quincy. Kanisa lake lilikuwa bado halijaisha.