Shockley: Bosi wa Nobel aliyekimbiwa na vijana wanane

Kama unasoma hapa kwa simu, basi mkononi umeshika mabilioni ya transista. William Shockley ni mmoja wa watu watatu waliopewa Nobel kwa ajili ya kidude hicho. Pia ndiye bosi aliyefanya wafanyakazi wanane, vichwa kweli kweli, wafungashe virago kwa mpigo. Hilo la pili ndilo nataka tuliangalie, maana ukiajiriwa leo kwa kampuni yoyote ya teknolojia, uwezekano wa kukutana na bosi wa aina yake ni mkubwa kuliko ule wa kushinda Nobel.

Shockley alizaliwa London mwaka 1910, wazazi Wamarekani, akalelewa Palo Alto, California. Utotoni alipimwa akili kwa ajili ya utafiti wa profesa mmoja wa Stanford aliyekuwa akitafuta watoto wenye vipaji. Akakosa alama. Shikilia hilo, litakuja kuchekesha, halafu litaacha kuchekesha. Akasoma Caltech, akapata PhD pale MIT mwaka 1936, akaajiriwa Bell Labs, maabara ya kampuni kubwa ya simu ya Marekani.

Desemba 1947, watu wawili wa kikundi chake, John Bardeen na Walter Brattain, wakatengeneza transista ya kwanza. Yeye bosi hakuwa mezani. Jina lake halikuwekwa kwenye hati ya uvumbuzi ule, na jambo hilo lilimkera ajabu. Alijifungia kwa hoteli Chicago karibu na Mwaka Mpya, akaandika kurasa kwa kurasa hadi akapata wazo la transista ya aina nyingine, tena bora zaidi. Wacha tumpe haki yake: kichwa alikuwa nacho. Lakini baada ya hapo aliwabana wale wawili hadi kazi ikawashinda. Bardeen aliondoka mwaka 1951 akaenda kufundisha Illinois, na huko akafanya utafiti uliompa Nobel ya pili. Brattain aliomba ahamishwe kikundi.

Ungedhani ujumbe ulifika. Wapi!

Mwaka 1956, kwa pesa za mfanyabiashara Arnold Beckman, Shockley alifungua maabara yake mwenyewe huko Mountain View. Akasaka vijana kote Marekani, akachukua walio bora: Robert Noyce, Gordon Moore na wengine, wengi hawajafika hata miaka 35. (Sisi tulioacha chuo katikati hupenda kuambiwa kwamba shahada si kitu. Hapa hatuna bahati, wengi wao walikuwa na PhD.) Novemba mwaka huohuo Nobel ikatangazwa, bosi akawapeleka vijana wake kunywa shampeni asubuhi na mapema. Hadi hapo mambo yalikuwa matamu.

Kisha maisha ya kila siku ya ofisi yakaanza. Kijana akileta matokeo ya jaribio, Shockley alikuwa anaweza kupigia simu marafiki zake wa zamani Bell Labs, mwenyewe akiwa amesimama palepale, kuuliza kama hayo matokeo yana maana. Hebu jiweke hapo. Mishahara ya kila mtu ilibandikwa ukutani. Siku moja mfanyakazi alijikata mkono kwenye mlango, na bosi akaamua kuna mtu anahujumu maabara, akataka watu wapimwe kwa mashine ya kutambua uongo. Chanzo, kumbe, kilikuwa kipini cha kubandikia karatasi kilichovunjika kichwa.

Lakini ugomvi wenyewe ulikuwa wa kikazi. Vijana walitaka kutengeneza transista za silikoni, kitu cha kuuzika. Shockley alikuwa amependa kifaa chake mwenyewe, diodi ya tabaka nne, iliyokuwa ngumu mno kuitengeneza kwa wingi ikafanya kazi sawasawa. Walimweleza. Kila aliyemweleza aligeuka kuwa mpinzani wake. Hapo ndipo ninapomlaumu zaidi: hoja ya kiufundi yeye aliisikia kama tusi.

Watu husimulia kisa hiki kana kwamba wale wanane walisusa tu na kutoroka. Sivyo. Kwanza walifuata njia. Katikati ya mwaka 1957 Moore alimpigia simu Beckman, mwenye pesa, wakakutana naye na kumpa pendekezo la heshima: Shockley abaki mshauri, apewe kazi ya uprofesa, na shughuli za kila siku aziongoze mtu mwingine. Beckman mwanzoni aliwasikiliza. Baadaye akabadili nia, bosi ni yuleyule. Sasa fikiria wamebaki wapi: wamemshtaki mkubwa wao, wameshindwa, na Jumatatu lazima warudi kazini kumtazama usoni.

Wakatafuta mtu wa kuwaajiri wote pamoja. Arthur Rock, kijana wa benki ya uwekezaji, akawaambia waanzishe kampuni yao. Walitia sahihi noti za dola moja kama mkataba, na Septemba 1957 wakaacha kazi. Sherman Fairchild aliwapa mtaji, ikazaliwa Fairchild Semiconductor. Wao wakaitwa wasaliti, jina lililowafuata hadi uzeeni. Noyce na Moore walikuja kuanzisha Intel mwaka 1968, na Eugene Kleiner akaanzisha kampuni ya kufadhili wabunifu. Ile maabara haikuwahi kupata faida, Beckman akaiuza mwaka 1960.

Shockley aliingia Stanford kufundisha mwaka 1963. Na huko akageukia jambo baya kuliko yote: kutangaza kwamba watu weusi wana akili kidogo kwa kuzaliwa. Hakuwa mtaalamu wa jenetiki. Wataalamu walimpinga, wanafunzi walimpinga, naye akawachukulia wote alivyowachukulia wale vijana wa Mountain View. Yule mtoto aliyekosa alama za mtihani wa akili sasa ndiye alikuwa akiwapangia wengine akili zao.

Gazeti moja la Atlanta lilipolinganisha mawazo yake na ya Wanazi, alilishtaki akidai zaidi ya dola milioni moja. Mwaka 1984 baraza la mahakama lilikubali kwamba alikosewa, likamtathminia fidia: dola moja.

Alifariki mwaka 1989. Mkewe Emmy alikuwa naye. Wanawe walikuwa wamekaa miaka bila kuzungumza naye.