Dally Messenger: Jagina wa raga aliyefutwa vitabuni kwa miaka 100

MAPEMA mwaka 1907, hakukuwa na mwanaraga aliyependwa jijini Sydney, Australia, kumshinda Herbert Henry Messenger, maarufu kama Dally. Kabla ya mwaka huo kwisha, chama kilichojivunia kipaji chake kilikuwa kimempiga marufuku. Hata rekodi zake zilifutwa.

Messenger alizaliwa Balmain, Sydney, Aprili 12, 1883. Babake alikuwa mwundaji mashua na mpiga makasia hodari. Jina la Dally alibandikwa utotoni, kwa kuwa kitambi chake kiliwakumbusha watu mwanasiasa William Bede Dalley.

Enzi hizo raga ilikuwa mchezo wa ridhaa. Mashabiki walilipa viingilio kwa maelfu, ilhali mchezaji aliyeumia hakufidiwa ujira aliopoteza kazini. Punda afe, mzigo wa bwana ufike. Manung'uniko kama hayo ndiyo yaliyozifanya klabu za kaskazini mwa Uingereza kujitenga mwaka 1895. Baadaye zilipunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13, ikawa raga ya aina nyingine.

Mnamo Agosti 1907, kikosi cha New Zealand kilichoandaliwa na Albert Baskerville kilipitia Sydney kikielekea Uingereza kucheza raga hiyo mpya. Waandalizi wa mechi za Sydney, James Giltinan na nyota wa kriketi Victor Trumper, walijua kuwa Messenger ndiye angevuta umati. Walimfuata nyumbani kwao Double Bay, na idhini ya mamake ndiyo iliyokata shauri.

Kwa kucheza mechi hizo tatu za kulipwa, Messenger aliifunga milango ya raga ya wachezaji 15 isifunguke tena. Lakini wageni walivutiwa naye kiasi cha kumchukua katika ziara yao, ingawa hakuwa raia wa New Zealand. Huko Uingereza akawa mfungaji wao bora.

Ligi ya raga ya wachezaji 13 ilipoanza Sydney mwaka 1908, jina lake liliipa uhai. Akiwa na Eastern Suburbs, alitwaa ubingwa mara tatu mfululizo, 1911 hadi 1913, na katika msimu wa 1911 pekee alifunga pointi 270. Alistaafu mwaka 1913.

Umaarufu huo haukumletea utajiri. Alijaribu biashara ya hoteli na kilimo cha ndizi, kisha akarejea useremala. Alifariki mjini Gunnedah, Novemba 24, 1959, akiwa na umri wa miaka 76.

Tangu mwaka 1980, mchezaji bora wa ligi hiyo hutuzwa nishani yenye jina lake. Mwaka 2007, karne moja baada ya marufuku, chama cha raga cha New South Wales kilirejesha rekodi zake. Wakati huo raga ya wachezaji 15 ilikuwa imetimiza zaidi ya miaka 10 ikiwalipa wachezaji wake.