Kinjikitile Ngwale: Mganga wa Ngarambe aliyeondoa woga kwa maji

Ukitoka Kibiti kuelekea kusini, ukapita Ikwiriri na kuvuka Daraja la Mkapa, unaikaribia nchi ya Kinjikitile Ngwale. Huyu ndiye mganga wa Ngarambe, Rufiji, ambaye maji yake yaliipa jina Vita vya Maji Maji.

Wazee wanasimulia kwamba mwaka 1904 alipandwa na pepo aitwaye Hongo. Alitambaa kwa tumbo hadi kwenye maji, akazama. Ndugu zake wakajua amekufa. Kesho yake akatoka mzima, nguo kavu, akaanza kutoa unabii.

Wakati huo watu walikuwa wamechoka. Wajerumani walidai kodi ya nyumba, na tangu 1902 waliwalazimisha kulima pamba kwenye mashamba ya pamoja. Habari za Kinjikitile zikaenea kwa kunong'onezana. Wamatumbi, Wangindo, Wakichi na wengine wakafunga safari kwenda Ngarambe.

Huko walipewa dawa: maji yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na mtama. Waliambiwa risasi za Mjerumani zitageuka maji. Walipewa miiko, ikiwemo kuepuka unyumba, na wakafanya mazoezi ya kivita.

Je, ilikuwaje watu wazima wakaamini? Wataalamu wa hipnosi wana la kusema. Mtu akiwa kwenye hali hiyo, akili yake hukaza kwenye jambo moja, mengine yanafifia, na ile sauti ya ndani inayohoji kila kitu inapungua nguvu.

Mwaka 2002 Amir Raz na wenzake walichapisha jaribio lao. Watu wanaoathirika kirahisi na hipnosi waliambiwa kwamba maneno watakayoona hayana maana. Kwa kawaida, neno nyekundu likiandikwa kwa wino wa bluu, ukiulizwa rangi ya wino unasita kidogo. Wao kusita kwao kulipungua sana. Kauli tu ilikuwa imezuia mazoea ya kusoma.

Kupandwa pepo si sawa kabisa na hipnosi, na hakuna aliyempima Kinjikitile. Ila tazama mazingira ya Ngarambe: safari ndefu, umati, miiko, na kauli moja inayorudiwa. Yote yalivuta akili upande mmoja. Woga ukatoka.

Lakini kauli hubadilisha akili ya anayeisikia, haibadilishi risasi. Kinjikitile aliwataka watu wasubiri amri. Wamatumbi wakachoka kusubiri, na mwishoni mwa Julai 1905 waling'oa pamba kule Nandete. Vita ikaanza. Agosti 4 Wajerumani wakamnyonga Kinjikitile pale Mohoro.

Kifo chake hakikuzima imani. Agosti 30 maelfu waliivamia ngome ya Mahenge wakikabili bunduki za rashasha, na wengi waliangushwa hapo hapo. Hadi 1907, vita na njaa iliyofuata Wajerumani walipochoma mazao viliua watu wanaokadiriwa kati ya 75,000 na 300,000.

Ndiyo maana Kinjikitile bado anabishaniwa. Kuna wanaomwona aliyewapeleka watu kufa. Wengine wanasema makabila ambayo hayakuwa na mfalme mmoja yalisimama pamoja kwa sababu yake. Yote mawili yalitokana na maji yale yale.