Tabibu Aliyeisoma Mizizi ya Ubongo

Huku Garissa hakuna asiyeujua mti wa mathenge. Ardhi ikauke vipi, mizizi yake hushuka chini kufuata maji. Kila niutazamapo humkumbuka Santiago Ramón y Cajal, tabibu wa Kihispania aliyegundua kuwa mishipa ya fahamu nayo ina tabia kama hiyo.

Alizaliwa mwaka 1852. Utotoni alikuwa mtundu, mpenda kuchora kuliko kusoma, hata baba yake akampeleka kwa kinyozi na kwa fundi viatu akajifunze kazi. Baadaye alisomea utabibu Zaragoza, mji ambao Waislamu wa Andalusi waliuita Saraqusta. Akapelekwa Cuba kuwa daktari wa jeshi, akarejea mwaka 1875 akiwa amedhoofishwa na malaria.

Mwaka 1890, akichungua kwa hadubini vifaranga ambavyo havijaanguliwa, aliona jinsi ncha za mishipa ya fahamu zilivyopenya kama mizizi. Akaamini kuwa mwilini mna kitu kinachozivuta. Mwaka 1906 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Golgi wa Italia.

Jambo moja lilimkera. Mshipa wa fahamu wa mkono ukikatwa huweza kuota tena, lakini ndani ya ubongo na uti wa mgongo wa mtu mzima huchipua kidogo, kisha hunyauka. Mwaka 1911 mwanafunzi wake, Tello, alipandikiza kipande cha mshipa wa mguu katika ubongo wa sungura, na nyuzi za ubongo zikaota kukifuata. Kumbe uwezo upo, lishe ndiyo haba! Cajal alifariki Madrid mwaka 1934, amewaachia wa baadaye kazi hiyo.

Ilishikwa na Bibi Rita Levi-Montalcini wa Italia na Stanley Cohen wa Marekani. Waliipata lishe hiyo hata katika sumu ya nyoka na tezi za mate za panya, wakatuzwa Nobel mwaka 1986. Mwaka 2017 Ulaya iliidhinisha dawa ya macho iliyotokana nayo.

Kwa mchungaji aliyeanguka kutoka juu ya lori la mifugo akavunjika uti wa mgongo, dawa ya kuikuza upya mishipa hiyo haijapatikana. Anayemuuzia leo dawa ya kumsimamisha anamwibia. Lakini anayemwambia kuwa haitapatikana kamwe, huyo naye asema asilolijua.