Margaret Wise Brown: Mwandishi wa Sungura, Sauti na Usiku

Mtahiniwa anapoulizwa jinsi maisha ya mwandishi yalivyoathiri kazi yake, mara nyingi huandika mwaka wa kuzaliwa, majina ya shule na idadi ya vitabu, kisha akaweka kalamu chini. Nimesahihisha majibu ya aina hiyo kwa miaka mingi na alama zake huwa haba. Mtahini anatafuta uhusiano: jambo gani katika maisha limeingia wapi katika kazi, na kwa njia gani. Ndiyo sababu, kabla ya kurudi kwenye kitabu chako teule, nimekuchagulia mwandishi asiyekuwa katika orodha ya mtihani. Hutaweza kumkariri, itakubidi umfikirie. Isitoshe, Karatasi ya Kwanza inaweza kukutaka uandike wasifu, na hapa utaona wasifu unavyojengwa.

Unapoendelea kusoma, jiulize swali moja. Ni nani mwenye haki ya kuamua kuwa kitabu fulani kinamfaa mtoto?

Margaret Wise Brown alizaliwa tarehe 23 Mei 1910 mtaani Brooklyn, katika jiji la New York, Marekani. Alikuwa mtoto wa kati miongoni mwa watatu. Baba yake alikuwa na kazi katika biashara ya kamba, na familia ilikuwa na uwezo wa kuhamia Long Island, ambako kulikuwa na misitu, ufuo na nafasi ya kufuga wanyama. Alisoma kwa muda nchini Uswisi, kisha akarudi Marekani na hatimaye akahitimu katika Chuo cha Hollins, jimbo la Virginia, mwaka 1932. Hayo ya shule tuyapite haraka. Ulilonalo la kukumbuka ni kwamba alitoka chuoni akitaka kuwa mwandishi wa watu wazima. Alijiunga na darasa la kuandika hadithi fupi akaliacha, kwa kuwa hakuweza kubuni msuko. Msuko, kama unavyojua, ni mfuatano wa matukio unaotoka kwenye mgogoro hadi kwenye usuluhisho. Yeye alikuwa na sikio la maneno na jicho la vitu vidogo, lakini matukio hayakumjia. Kumbuka udhaifu huo, maana ndio utakaogeuka kuwa nguvu yake.

Mwaka 1935 aliingia katika taasisi ya kufundisha walimu iliyojulikana kama Bank Street, mjini New York. Mwanzilishi wake, Lucy Sprague Mitchell, alikuwa amechapisha mwaka 1921 kitabu cha hadithi chenye msimamo uliowakera wengi. Mitchell alishikilia kwamba mtoto wa miaka miwili au mitano hahitaji kwanza wafalme, mazimwi na majumba ya dhahabu. Dunia yenyewe ni mpya kwake. Gari linalopita, mvua juu ya paa, kijiko mezani: hayo ni maajabu ya kutosha kwa mtu ambaye hajawahi kuyaona. Kwa hiyo walimu wa Bank Street walikaa na watoto, wakasikiliza wanavyozungumza, wakaandika maneno yao. Wakajifunza kwamba mtoto mdogo hupenda sauti kabla ya maana, na kwamba hupenda kurudiwarudiwa. Mwandishi akileta hadithi, alisomewa mtoto kwanza. Mtoto akianza kuangalia dirishani, hadithi ilirudi kufanyiwa kazi.

Hapo Margaret akapata mahali pake. Kama huna msuko, andikia hadhira isiyodai msuko. Kitabu chake cha kwanza, When the Wind Blew, kilichapishwa mwaka 1937. Inasimuliwa kwamba malipo yake ya kwanza aliyatumia kununua maua ya mkokoteni mzima wa mchuuzi, akayajaza nyumbani, akawaita marafiki. Mwaka uliofuata akawa mhariri katika kampuni changa ya William R. Scott, na kazi zikaanza kumtoka kwa kasi.

Tuangalie The Noisy Book, cha mwaka 1939, kwa kuwa kinakugusa wewe mwanafunzi wa fasihi simulizi moja kwa moja. Mhusika mkuu ni mbwa mdogo aitwaye Muffin. Kitu kimemwingia jichoni, daktari amemfunga macho, na sasa anapita mjini akisikia tu. Kila ukurasa una sauti, na kila sauti ni swali kwa msikilizaji: ni nini hicho? Sasa chukua istilahi zako. Hiyo ni tanakali za sauti, na mwandishi amejenga kitabu kizima juu yake. Tena mtoto haachwi akae kimya. Anatakiwa kujibu na kuiga sauti, sawa na hadhira inavyoshirikishwa na fanani katika ngano. Margaret hakuyapata hayo kwetu. Aliyapata kwa kuwasikiliza watoto wa New York. Lakini ukiulizwa kama fasihi andishi inaweza kubeba sifa za fasihi simulizi, hapo una mfano.

Vitabu vyake vingine vilishughulikia dhana: rangi, ukubwa, umbali, kiini cha kitu. Katika The Color Kittens, cha 1949, paka wawili wadogo wanachanganya rangi na kugundua rangi mpya. Katika The Important Book, cha mwaka huohuo, kila ukurasa unachukua kitu cha kawaida, kama kijiko, mvua, kiatu au upepo, na kumwambia mtoto lipi katika sifa zake ndilo la msingi. Jaribu mwenyewe zoezi hilo kwa chaki au sufuria. Utagundua kwamba kumweleza mtoto dhana moja kwa sentensi moja ya kweli ni kazi ngumu kuliko insha ya kurasa mbili. Yeye mwenyewe aliandika rasimu haraka sana, kisha akaweza kuisugua kwa muda mrefu, neno moja baada ya jingine.

Hakukwepa mambo mazito pia. Katika mkusanyiko wake wa mwaka 1938 kuna hadithi ya watoto wanaomkuta ndege amekufa, mwili ukiwa bado na joto. Wanamzika, wanamwimbia, wanarudi kaburini na maua kila siku, mpaka siku wanaposahau. Hakuna malaika wala mzee wa kuwapa nasaha. Baadaye ilitolewa kama kitabu peke yake, The Dead Bird, mwaka 1958. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi yake bora, kwa sababu ya huko kusahau. Mwandishi mwoga angemaliza kwenye maua.

Sasa kuna mkinzano ambao msomaji makini hawezi kuupuuza. Mwanamke huyu aliyeandika juu ya sungura wapole kuliko mwandishi yeyote wa wakati wake alikuwa mwindaji. Alikuwa katika chama cha wawindaji huko Long Island, akikimbia kwa miguu mashambani nyuma ya kundi la mbwa waliokuwa wakifukuza sungura. Na mwaka 1946 kitabu chake Little Fur Family kilipotoka, nakala zilivikwa jalada la manyoya halisi ya sungura ili mtoto ayapapase. Utasema ni unafiki? Sidhani jibu ni rahisi hivyo. Soma The Runaway Bunny, cha 1942, kilichochorwa na Clement Hurd. Mwana sungura anamwambia mama yake kwamba atatoroka. Atakuwa samaki, atakuwa jiwe mlimani, atakuwa ndege. Kila mara mama anajibu atakavyogeuka ili amfikie: mvuvi, mpanda milima, mti wa kutua. Kitabu chote ni majibizano ya anayekimbia na anayefuata. Aliyewahi kumfukuza sungura shambani anajua kukimbizana ni nini, na Margaret aliugeuza mwendo huo kuwa upendo wa mama. Ukiandika hoja kama hiyo kwenye karatasi yako, ukaitolea mfano, mtahini hatakunyima alama.

Kisha kikaja Goodnight Moon, mwaka 1947, tena kwa michoro ya Hurd na chini ya mhariri Ursula Nordstrom wa kampuni ya Harper. Ukikisoma haraka utasema hakina kitu. Sungura mdogo yuko kitandani. Sungura bibi kizee ameketi kwenye kiti. Vitu vya chumbani vinatajwa, kisha kimoja kimoja vinaagwa usiku mwema, mpaka hewa na kelele za kila mahali. Basi. Hakuna mgogoro, hakuna usuluhisho, hakuna funzo.

Kirudie polepole. Saa ya chumbani inaanza saa moja usiku na kuishia saa mbili na dakika kumi. Chumba kinafifia ukurasa baada ya ukurasa, huku mwezi ukizidi kupanda dirishani. Panya mdogo anabadilisha mahali, na mtoto anayesomewa humtafuta. Maneno nayo yanapungua kasi pamoja na mwanga. Takriri hapa si pambo. Inafanya kazi ileile inayofanywa na wimbo wa bembelezi: kumtuliza mtoto anayeogopa giza kwa kumhakikishia kwamba kila kitu kiko mahali pake. Bembelezi ya nyumbani kwenu nayo haina msuko, na hakuna aliyewahi kuilaumu kwa hilo.

Lakini Goodnight Moon kililaumiwa. Maktaba ya Umma ya New York ndiyo iliyokuwa na sauti kubwa kuliko zote Marekani katika mambo ya vitabu vya watoto. Kwa muda mrefu, tangu 1906 hadi 1941, idara yake ya watoto iliongozwa na Anne Carroll Moore, ambaye hata baada ya kustaafu maoni yake yaliendelea kuogopwa na wachapishaji. Moore aliamini katika ngano za kale, ndoto na uzuri wa kimapokeo. Msimamo wa Bank Street aliuona kama majaribio ya maabara juu ya watoto. Tusimdhulumu: alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupigania vyumba vya watoto katika maktaba, wakati watoto walipokuwa wakifukuzwa humo. Lakini maktaba ilikiona kitabu hiki kimejaa hisia za kupita kiasi, ikakataa kukinunua. Nakala zipatazo 6,000 ziliuzwa kilipotoka, kisha mauzo yakashuka. Mwaka 1953 ziliuzwa takriban 1,500 tu.

Margaret hakungoja kibali cha mtu. Alikuwa akiandika vitabu vingi kiasi kwamba aliwagawia wachapishaji mbalimbali na kutumia majina ya kupanga, likiwemo Golden MacDonald. Kwa jina hilo alitoa The Little Island mwaka 1946, kilichotokana na visiwa vya jimbo la Maine, ambako alikuwa na nyumba kando ya bahari. Paka mdogo anafika kisiwani, anajiona yuko mbali na dunia, mpaka samaki anamfahamisha kwamba chini ya maji ardhi yote imeungana. Kwa michoro ya kitabu hicho, Leonard Weisgard alipata Nishani ya Caldecott mwaka 1947. Nishani hiyo ni ya mchoraji, kwa hiyo jina la mwandishi halikuwa la kuvikwa taji. Na ile ndoto ya kuandikia watu wazima haikumtoka. Hakuwahi kuitimiza, na lilimuuma.

Mwaka 1952 alikuwa amechumbiwa, akitarajia kuolewa. Akiwa safarini Ufaransa aliugua, akafanyiwa upasuaji mjini Nice. Alipona vizuri. Tarehe 13 Novemba, akitaka kumwonyesha muuguzi jinsi alivyokuwa na nguvu, alirusha mguu juu. Donge la damu lililokuwa limeganda mguuni likang'oka, akafariki papo hapo. Alikuwa na miaka 42, ameshachapisha vitabu zaidi ya 100 na kuacha miswada mingi isiyochapishwa. Katika wasia wake, mirabaha ya baadhi ya vitabu, Goodnight Moon kikiwemo, alimwachia mtoto wa jirani mwenye umri wa miaka tisa. Wakati huo ilionekana zawadi ndogo.

Haikuwa ndogo. Wazazi walianza kuambiana wao kwa wao, bila kuongozwa na mkutubi. Mauzo yakapanda kila mwaka, yakakaribia nakala 20,000 mwaka 1970, na kufikia 1990 jumla ilikuwa imepita milioni nne. Maktaba ya Umma ya New York iliweka Goodnight Moon kwenye rafu zake mwaka 1972, miaka 25 baada ya kuchapishwa na miaka 20 baada ya mwandishi kufariki.

Sasa chukua daftari. Andika wimbo mmoja wa bembelezi unaoujua katika lugha ya kwenu, uutafsiri kwa Kiswahili, kisha ueleze kwa hoja nne jinsi takriri inavyofanya kazi ndani yake ikilinganishwa na kitabu cha sungura anayeaga vitu vya chumbani (alama 8). Usianze kwa kuandika mwaka wa kuzaliwa.