Daktari James McCune Smith
James McCune Smith alizaliwa utumwani katika mji wa New York, Marekani, mwaka 1813. Shuleni alikuwa hodari sana, akatamani kuwa daktari. Lakini vyuo vya nchi yake vilimkataa kwa sababu ya rangi yake, wala si kwa upungufu wa akili. Basi rafiki zake wakamchangia fedha, na mwaka 1832 akavuka bahari kwenda Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti. Huko alipata digrii ya kwanza mwaka 1835, na ya udaktari mwaka 1837. Mmarekani mweusi wa kwanza kuipata. Kisha akarudi mjini kwao, akafungua duka la dawa, akawatibu weusi kwa weupe, na yatima pia. Alikufa mwaka 1865.